Mama Mkwe Aliyekalia Bunduki

Mjomba wangu aliwekewa sharti moja tu ili apewe mke: siku ya harusi isilie risasi. Si mbili za heshima, si ile moja ya kuagia. Ikilia hata moja, alisema mama wa binti, ng'ombe watarudi kwa wenyewe na binti atabaki kwao Jebel, anasukuma chapati na mamaake mpaka wote wawili wazeeke.

Ukilisikia sharti hilo ukiwa mji mwingine utasema ni adabu ya kawaida. Hapa Juba ni sawa na kumwambia mtu aoe bila kupumua. Mjomba ni mwanajeshi, na marafiki zake wote ni wanajeshi. Tena furaha ya kwetu ina tabia ya kupanda juu. Timu ikifunga bao, watu wanafyatua. Mtoto akizaliwa, wanafyatua. Mwaka mpya ukiingia, sisi wengine tunaupokea tukiwa chini ya vitanda na tunatakiana heri kutoka huko huko. Mimi nilirudi kutoka Kenya na mama nikiwa mdogo, na kabla hata sijajua Kiarabu cha Juba cha kuomba maji, nilikuwa nimeshajua kutofautisha risasi ya furaha na ya ugomvi. Ya furaha haina haraka, inapumzika katikati kama mtu anayecheka. Ya ugomvi hujibiwa.

Huyo mama tulimjua kabla hajawa mkwe wa mtu. Alikuwa jirani yetu, akiuza chapati na maharagwe kwenye kona ya njia yetu, mahali ambapo mlima unakuzibia upepo na vumbi linapata nafasi ya kukaa. Mimi nilikuwa mteja wake mwaminifu na msumbufu. Nilikuwa namwambia chapati zake nyembamba mno, nikiishika moja machoni namwona yeye upande wa pili. Alikuwa ananipiga na kitambaa cha kufutia mikono na kuniita "mjinga wangu". Hilo "wangu" ndilo lililokuwa linanirudisha kila asubuhi, mbali na njaa.

Alikuwa anachechemea. Siku ile nchi ilipopata uhuru, mji mzima ukiwa umeinua bunduki kumshukuru Mungu, risasi moja ilimaliza kushukuru ikaamua kushuka. Ilitoboa bati lake, ikamkuta anakanda unga, ikamwingia pajani.

"Wenzangu uhuru uliwaingia moyoni," alikuwa akisema. "Mimi uliniingia mguuni."

Alikuwa anacheka akisema hivyo, na sisi tunacheka. Lakini alipokuwa anatoka kitini, alikuwa anashika ukuta kwanza, na hapo hakuna aliyecheka.

Kisha vikaja vita vipya, ile Desemba, miaka miwili na ushei baada ya uhuru. Hizo zilikuwa risasi za kujibiwa, na nitazipita haraka kwa sababu nikisimama hapo sitacheka tena mpaka mwisho wa ukurasa. Tuliondoka nyumba tuliyokuwa tukikaa, tukahamia Jebel, na hapo ndipo tulipopata ujirani wa mama wa chapati. Mjomba alirudi mzima, amekonda, hataki kukaa akiwa ameupa mlango mgongo. Tena sasa bunduki zilikuwa kila mahali: chini ya magodoro, nyuma ya milango, juu ya kabati karibu na Biblia. Watu wawili wakigombea mbuzi, mmoja anasema "ngoja nije", na mtaa mzima unajua anakwenda kuleta nini.

Mjomba alikuwa akija kwetu kumsalimia dada yake, yaani mama yangu. Mwanzoni alikuwa akija Jumapili. Baadaye akawa anakuja kila siku, na kila siku ana hamu ya chapati. Mimi nilijua zamani. Hakuna mwanamume anayekula chapati kumi na kuomba binti wa mwenye chapati amletee maji baada ya kila moja.

Basi, sharti likatolewa, na mjomba akalikubali haraka kama anavyokubali mtu aliyezama kwenye mapenzi. Usiku ule alikuja kwetu, akakaa, akashika kichwa.

"Mimi sitafyatua," alimwambia mama. "Lakini wale wenzangu? Nitawafunga kamba?"

"Waambie."

"Dada, nikiwaambia watasema nimeolewa mimi."

Ndipo ukaja mkutano. Siku zile mikutano ilikuwa mingi. Afande mmoja wa kike wa polisi, pasta wa kanisa letu na mzee wa mtaa walikuwa wakizunguka njia kwa njia na kipaza sauti kinachokoroma, wakiomba watu waache kufyatua ovyo. Siku waliyokuja kwetu, mwalimu alitutoa darasani tukajaze viti. Afande akasema atakayefyatua mjini, iwe kwa furaha au kwa hasira, atalala ndani.

Nikanyoosha mkono. Nina ugonjwa huo, mkono wangu hunyooka kabla ya akili.

"Na akifyatua polisi, afande, atalala wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu akanitolea macho ya kesho-utanitambua. Lakini afande hakukasirika. Alivua kofia, akajipepea nayo.

"Swali zuri," akasema. "Ningekuwa naweza hii kazi peke yangu, ningekuwa kituoni nakunywa chai. Nimekuja kwenu kwa sababu siwezi. Jela hamuiogopi, najua. Wengine mmetoka huko juzi. Sasa niambieni ninyi. Vijana wenye bunduki katika mji huu wanaogopa nini?"

Pasta alifungua mdomo kusema "Mungu", akatazama waliokuwa mbele yake, akaufunga.

"Mama mkwe!" nikasema.

Hapa nieleze, kwa wale wasiojua. Kwa watu wetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Akimwona njiani anaingia hata kwenye mtaro. Hali chakula mbele yake, hamwiti, hamgusi, hakai alipokaa. Na si bwana harusi peke yake, marafiki zake wa rika nao wanabebeshwa heshima hiyo hiyo. Nimemwona mwanajeshi aliyetoka vitani na kovu la shingo akiruka ua wa miiba kwa sababu mama mmoja mfupi ametokea na ndoo ya maji.

"Afande," nikaendelea, maana watu walikuwa wanacheka na mimi nikisikia kicheko siwezi kusimama, "hizo bunduki za harusini mpe mama mkwe azikalie. Nani atamwambia sogea?"

Mwalimu mwenyewe alicheka. Mzee wa mtaa alikohoa mpaka akapigwa mgongo. Mtu mmoja tu hakucheka. Mama wa chapati alikuwa amesimama nyuma, anafuta unga vidoleni, kimoja kimoja.

"Sanduku ninalo," akasema.

Alikuwa na sanduku la bati, refu, alilorudi nalo kutoka ukimbizini Uganda, likiwa limebeba nyumba nzima. Wanajeshi walipoletewa habari walikataa, wakabisha, wakamuuliza mjomba kama anaoa au anasalimisha jeshi. Mjomba akawaambia jambo moja, akiwa anatazama chini.

"Nyinyi mlinitoa kule Desemba mkinibeba. Nibebeni na hapa."

Hawakubishana tena, ingawa sajini mmoja mnene alinung'unika hadi siku yenyewe.

Siku yenyewe, kanisani mambo yalikwisha mapema. Lakini kwetu pasta akimaliza, shughuli haijaanza. Binti hutolewa nyumbani kwao, na anayempokea ni mzee wa ukoo wa mume. Huyo kwetu alikuwa babu yangu mdogo wa Gumbo, ng'ambo ya daraja, ambaye alikuwa hajawahi kufika Jebel tangu tuhamie. Yeye aje na wazee wenzake, aseme maneno, ashike mkono wa binti, kisha wote waondoke kabla ya saa ya kutotoka nje. Asipokuja yeye, binti hatoki. Pete ni ya kanisa, wanasema, lakini mlango ni wa mamaake.

Wanajeshi waliingia uani na bunduki zao kama wewe unavyoingia na viatu. Mlangoni nikawaelekeza chumbani. Mama wa chapati alijificha nyuma ya pazia mpaka wakamaliza, kila mmoja akalaza yake sandukuni, wakatoka kinyumenyume. Pazia likafunguka, mama akatoka na nguo yake ya manjano iliyofungwa begani, akafunga kifuniko, akaketi juu yake kwenye mwanga wa mlango, mahali ambapo ua mzima ulimwona. Afande alikuja bila sare, akala, akachungulia.

"Stoo hii ni nzuri kuliko yetu," akasema.

Mama hakuinuka tena. Shangazi za binti walikuja kumvuta acheze, akasema miguu yake iko kazini.

Sasa ngoja nikuambie kosa letu, kosa ambalo sidhani kama kuna watu wengine duniani wangelifanya.

Mchana ulipita. Mchele ukaiva, nyama ikaiva, viti vya plastiki vikabaki vinaangaliana. Wa kanisani walikuwepo, na majirani wa karibu, lakini wa Gumbo hakuna. Tukasema foleni ya darajani. Baadaye akaingia mama mmoja wa njia ya pili, anatembea polepole, kanga ameshikilia kidevuni, akamshika mama yangu mkono.

"Malesh, dada yangu. Pole sana. Nani ametutoka?"

"Hakuna aliyetutoka! Ni harusi!"

"Harusi?" Yule mama alitazama huku na huku, akasikiliza. "Mbona kimya?"

Mama yangu alifungua mdomo kumjibu, kisha akaufunika kwa mkono. Nikamwona anahesabu kitu kichwani na hesabu inamtisha.

"Mama, nini?"

"Nilivyowaelekeza," akasema. "Wa Gumbo. Wote. Niliwaambia wakishuka sokoni Jebel..."

"Wafanye nini?"

"Wasikilize."

Njia zetu hazina majina. Nyumba hazina namba. Harusi za Juba zote huelekezwa hivyo: shuka sokoni, sikiliza, fuata. Mama yangu ameelekeza watu hivyo maisha yake yote, na mdomo wake ulifanya kazi bila kumuuliza. Wakati huo huo, kutoka upande wa pili wa soko, upepo ukatuletea mlio mzuri, wa kupumzika-pumzika, wa watu wanaofurahi sana. Kulikuwa na harusi nyingine.

Tulimpigia babu. Sikio lake la kushoto lilikufa vitani, na la kulia linafanya kazi kwa hiari yake. Mjomba aliweka simu kwa sauti kubwa ili sote tusikie.

"Baba mdogo, uko wapi?"

"Nimefika!" babu akapiga kelele. Nyuma yake risasi zinacheka. "Nimefika zamani! Nakula! Wewe uko wapi? Bwana harusi gani hakai na wageni?"

"Baba, hapo siyo! Ondoka hapo, uje..."

"Ndiyo, nyama ipo! Nyama nyingi!"

Akakata.

Jua likaanza kushuka kuelekea mlimani. Wanajeshi wakakutana pembeni, nikawasogelea kwa sababu mkutano usio na mimi huwa naudhania una siri.

"Moja tu," alikuwa anasema sajini mnene. "Siyo ya furaha. Ya kuelekeza. Ni kama kibao cha barabarani."

"Sharti ni sharti," mjomba akasema.

"Na mzee asipofika kabla ya saa ya kutotoka nje? Utakosa mke kwa sababu ya kimya? Afadhali ukose kwa sababu ya kelele, angalau utakuwa umejaribu."

Mjomba alikuwa amevaa suti ya kuazima, mikono mifupi. Alitazama mlango, akakumbuka hapaswi kutazama huko, akatazama viatu vyake. Nilimjua kama mtu anayeweza kucheka hata hospitalini. Sikuwahi kumwona na uso ule. Risasi ikilia anamkosa. Isipolia, huenda akamkosa vilevile.

"Wewe," sajini akaniambia, "wewe bado mtoto wa shule, haikuhusu hii heshima. Nenda kaongee naye."

Nikaenda. Wao wakasimama kwenye kivuli chembamba cha jiko, wakiwa wamempa mama mgongo, wanajeshi wanne wanatazama ua wa makuti kana kwamba kuna adui ndani yake.

"Mama, wanaomba moja."

"Moja ya nini?"

"Ya kuwaita wageni."

"Waambie waje waichukue."

Nikarudi. "Anasema mje mchukue."

"Tutakujaje na amekaa hapo?" sajini akanong'ona.

Nikaenda. "Mama, wanauliza watakujaje na umekaa hapo."

"Waambie hilo ndilo jibu."

Kisha akanivuta sikio, si kwa nguvu, akaniinamisha.

"Mjinga wangu, wewe una mdomo mkubwa kuliko bunduki yoyote humu ndani. Umeutumia kuniweka juu ya bati hili tangu asubuhi. Sasa uchukue ukamlete yule mzee."

Nikatoka mbio. Kwenye kona kulikuwa na jirani yetu wa boda, Mganda, mtu mpole anayependa kusikiliza redio akiwa amelala juu ya pikipiki yake.

"Twende kwenye risasi," nikamwambia.

"Hapana, sebo. Mimi iko na watoto."

"Ni za furaha."

"Furaha yenu naua watu." Lakini akasikiliza, akaniangalia nilivyokuwa nahema. "Hii ni ya harusi ya mama ya chapati?"

"Ndiyo."

"Panda. Ule mama naniweka maharagwe mingi."

Tukapita sokoni, tukafuata mlio, na kadiri ulivyokaribia ndivyo mgongo wake ulivyokuwa unapungua mbele yangu hadi nikawa naona barabara juu ya kichwa chake. Akanishusha kabla ya kona, akasema atanisubiri nyuma ya ukuta wa matofali, na kwamba ukuta wenyewe ameukagua.

Ile ilikuwa harusi! Kila mwenye kidole alikuwa anafyatua. Maganda ya risasi yalikuwa yamelala chini kama maganda ya karanga. Na katikati, kwenye kiti cha kifahari, babu yangu, na mfupa mkononi, na wazee wote wa Gumbo kando yake kama safu ya meno.

"Babu! Siyo hapa!"

"Kaa! Kula!"

Nikahamia sikio la kulia. "Babu, hii siyo harusi yetu! Bwana harusi umemwona?"

"Nimembariki!" babu akasema kwa fahari. "Kijana mrefu. Nilishangaa amerefuka."

Walikuwa wamemkabidhi yule bwana harusi mrefu godoro letu la futi sita na mbuzi wetu. Mbuzi ndiye aliyekuwa kwenye mfupa.

Sikumbuki nilisema nini, ila nilisema kwa mikono, na kwa sauti kubwa. Babu alipoelewa, uso wake ulianguka. Akasimama, akaweka mfupa chini polepole, kama mtu anayerudisha alichoiba. Wenye harusi walipoelewa nao, walicheka mpaka wakashikana mabega. Harusi bila risasi! Walikuwa hawajawahi kuiona. Wengine wakasema lazima waje kushuhudia, na godoro wenyewe watalibeba. Sikuwa na muda wa kubishana. Tukatoka kundi zima, wazee mbele, godoro juu ya vichwa, boda nyuma yetu anapiga honi.

Tulipofika kwenye njia yetu ndipo nilipogeuka nikaona. Kijana mmoja kati ya wale waliotufuata, mwenye miwani ya jua na furaha nyingi, alikuwa na bunduki begani. Na alikuwa anaitoa begani.

"Harusi kavu hii!" akasema. "Acha niwasaidie!"

Nikapiga kelele. Sajini akapiga kelele. Mjomba alikuwa upande wa pili wa ua, mbali mno. Yule kijana hakuwa rafiki wa mjomba, hakuwa mkwe wa mtu yeyote hapa, hakuna heshima iliyomfunga. Mtutu ulikuwa unapanda.

Mama akainuka.

Nilikuwa sijawahi kumwona akitembea haraka. Alikuja akichechemea, mkono mmoja umeshika paja, akapita katikati ya wanaume waliokuwa wanaruka pembeni kumpisha kama kuku, akasimama mbele ya yule kijana, karibu sana, akamtazama kwenye miwani.

"Mwanangu, umeoa?"

Kijana akachanganyikiwa. "Bado, mama."

"Nina binti mdogo. Yuko darasa la mwisho sekondari. Anajua kupika kuliko mimi."

Akamkagua kuanzia viatu mpaka miwani.

"Sasa fikiri vizuri unataka nikukumbuke kwa kitu gani."

Niliona inavyomwingia. Kwanza mtutu ukashuka. Kisha miwani ikatoka. Kisha, Mungu wangu, macho yakaanza kutafuta pa kwenda, kwa sababu aliyesimama mbele yake alikuwa tayari anaanza kuwa mama mkwe, na yeye amemtazama usoni. Akageuka akatazama ukuta. Akanyoosha bunduki kwa nyuma, bila kuangalia, na afande, aliyekuwa ametokea pembeni na sahani ya wali bado mkononi, akaipokea.

Kicheko kikapasuka, na mimi nikacheka hadi nikapiga magoti. Halafu nikakumbuka sanduku.

Lilikuwa pale mlangoni, halina mtu juu yake, na wanajeshi wanne walikuwa karibu nalo kuliko mtu mwingine yeyote. Sajini mnene alikuwa analitazama. Sijui alikuwa anawaza nini. Labda hakuwaza chochote. Lakini mjomba alikuwa ameshavuka ua, na tai yake begani. Akapita mlangoni pa mama mkwe, mahali ambapo hapaswi kukanyaga, akageuka, akaketi juu ya bati. Mahali pale pale alipokuwa ameketi mama, bado pana joto lake.

Wazee waliguna. Babu alishika kichwa. Hata mtoto mdogo wa kwetu anajua hilo halifanyiki. Kukaa alipokaa mama mkwe wako! Kwa hilo peke yake anaweza kukunyima binti, na hakuna atakayekutetea.

Mama alirudi polepole. Alipofika mlangoni alimkuta. Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimeingia kwenye suti, mikono imeshika kingo za sanduku kama mtu anayeogopa kuinuliwa. Yule aliyetoka Desemba mzima.

"Haijalia, mama," akasema kwa sakafu. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha. "Haijalia hata moja."

Mama alisimama juu yake. Nilidhani sasa ndiyo basi.

"Sogea," akamwambia.

Akasogea. Mama akaketi kando yake, bega kwa bega, wote wawili wakitazama mbele kama watu walio kwenye lori moja. Shangazi mmoja alianza kulia, wala hakuelewa kwa nini. Babu alisema kwa kosa kama hilo lazima mbuzi atolewe, na mama akamjibu bila kugeuka kwamba mbuzi ameshaliwa, na aliyemla anajulikana.

Basi babu akasema maneno yake, mafupi kuliko kawaida yake, kwa sababu ya aibu na kwa sababu jua lilikuwa linagusa mlima. Binti alipotolewa, alikuja kupiga magoti mbele ya sanduku, maana mama hakukubali kuinuka tena. Walikumbatiana akiwa ameketi hivyo hivyo. Mjomba naye akiwa kando yao, hajui aangalie wapi, akachagua kunitazama mimi. Nikamtolea ulimi. Akacheka, na macho yamejaa maji.

Wakaondoka. Wanajeshi wakaondoka mikono mitupu, bunduki zao wangezifuata kesho kwa afande. Yule kijana wa miwani alikuwa wa mwisho kutoka, akiuliza wengine kwa sauti ya chini jina la yule binti mdogo.

Ua ukabaki na viti, sufuria za kuosha na sisi majirani. Mama yangu akamwambia mwenzake inuka sasa, ule. Akakataa. Binti hajafika kwa mumewe mpaka avuke daraja, akasema, na hapa katikati bado pana Juba nzima. Nikamletea maji. Nikakaa chini karibu na miguu yake. Nilipomwangalia, midomo yake ilikuwa inasogea, sijui kama ni sala au ni hesabu ya njia: sokoni, mzunguko, daraja.

Simu ya mama yangu ikalia. Alikuwa mjomba. Wamevuka, wako Gumbo, wamepokewa na nyimbo.

Mama wa chapati alivuta pumzi, akashika ukuta, akainuka. Akanyoosha nguo yake ya manjano. Halafu akaniambia nichukue lile beseni la kuoshea vyombo.

"Nioshe?"

"Ulipige, mjinga wangu. Watu wengine wamecheza harusi ya mwanangu mchana kutwa. Mimi bado."

Nikaligeuza beseni, nikalipiga vibaya sana. Akacheza.